Mrija Kwenye Paa

Nabadilisha fedha mpakani Busia, na kazi hiyo imenifundisha kutoamini hata noti mpya. Kwa hiyo mume wangu alipoanza kuyumba, sikumwonea huruma. Nilimnusa mdomo.

Malaria ilikuwa imempanda kichwani, akalazwa Tororo, homa ikashuka, akarudi nyumbani Mukuju. Kisha asubuhi moja nikamwona anatembea miguu imetanuka, anashika ukuta, ulimi mzito, chai inamwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni. Hali hiyo niliijua vizuri. Pombe alikuwa ameiacha mwaka uliopita, siku nilipofungasha nguo zangu kwenye mfuko na kuutundika nyuma ya mlango. Ukinywa tena naondoka, nilimwambia, na mfuko nikauacha pale pale.

"Mimi sikunywa kitu, mama," akaniambia. "Nusa tena."

Kwetu wanaume hunywa ajono, pombe ya wimbi, wakizunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu aliotoka nao nyumbani. Mrija wa mume wangu ulichomekwa kwenye paa. Kila jioni niliupapasa. Mkavu. Nikasema basi anao mwingine, kauficha kwa rafiki.

Nilimrudisha hospitali nikikusudia kumwumbua. Daktari akamwambia aguse pua yake, kisha kidole cha daktari; mume wangu akapapasa hewa. Akamtembeza kwenye mstari wa sakafu, ikabidi amdake. Damu ikapimwa upya, malaria haikuonekana.

"Daktari, umemnusa?"

"Mama, hii si pombe. Malaria imeisha, lakini iliguza ubongo kule nyuma, pahali inashikilia mwili isianguke. Nguvu ya kusimama itarudi polepole. Dawa ya kuharakisha hakuna. Atembee na mtu, na bodaboda asiendeshe kwanza."

Nilimkazia macho daktari yule. Wanaume huteteana.

Hata hivyo kila asubuhi nilimshika mkono tukazunguka shamba la mihogo, majirani wakicheka. Wiki zikapita, hatua zikakaribiana, kikombe kikafika mdomoni. Nikaona haya kwa yote niliyomdhania. Hata mrija nikaacha kuupapasa.

Jumamosi moja nikamwona anatoka senta, kule madukani, amenyooka njia nzima, hagusi hata ua wa jirani. Furaha ilinizidi. Nikamkimbilia, nikamkumbatia, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Naye akanizungushia mikono, na kitu chembamba, kirefu, kikanidondoshea mgongoni matone yanayonuka wimbi.

Nilimwachia. Mfuko ulikuwa bado nyuma ya mlango.