Robo ya Sakafu Karibu na Mlango

Kigango chetu cha Usangu kilikuwa na sakafu ya udongo, na kila Krismasi ilipokaribia sisi wanawake tuliisiriba upya. Wake wa wafugaji tulileta samadi mbichi, wake wa wakulima walileta udongo mwekundu wa kandokando ya mfereji. Mimi ni Mhehe wa Idodi, lakini niliolewa na Msukuma mwenye ng'ombe, Masanja, kwa hiyo nilibeba samadi. Mwaka ule, zikiwa zimebaki siku nne, tulimaliza nusu ya sakafu huku tukitaniana. Mama Neema, ambaye mumewe alilima mpunga, alisema samadi yangu inanuka kama mume wangu. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Jioni hiyo ng'ombe wakaingia kwenye mpunga. Kulipokucha kulikuwa na maiti pande zote mbili. Wanaume wetu walishika mikuki, wenzao mapanga, kisha zikatokea bunduki ambazo sijui zilikuwa zimefichwa wapi. Tulilala porini na watoto siku tatu. Wapo wanaosema ule ulikuwa ugomvi wa maji na malisho tu. Hawakuwepo hao. Mimi naiita vita.

Asubuhi ya Krismasi nilizoa samadi nikajaza beseni.

"Unaenda wapi?" Masanja aliuliza.

"Kanisani. Sakafu haijaisha."

"We mwanamke una wazimu. Padri hawezi kufika, katekista mwenyewe kakimbia."

"Mtoto Yesu hakumngoja padri. Simpokei kwenye nusu sakafu eti kwa sababu wanaume mmegombana. Nibebee beseni. Na huo mkuki uache hapa."

Akauchomeka mkuki ardhini, akajitwisha beseni la samadi mbele ya ndugu zake, nao wakamzomea.

Mama Neema tulimkuta kanisani na udongo wake. Mdogo wake alikuwa ameuawa juzi yake.

"Kamwene," nilimsalimu kwa lugha ya kwetu, maana sikujua niseme nini kingine.

"Kamwene," aliitikia. "Samadi yako bado inanuka." Alisema hivyo huku machozi yanamtoka.

Tukapiga magoti, tukaanza kusiriba kutoka katikati, pale tulipokuwa tumeishia, kuelekea mlangoni. Sijawahi kusali vile, kabla wala baada. Hapakuwa na kwaya, nguo mpya wala wali. Ilikuwa mikono minne ndani ya samadi, na nilijua bila shaka yoyote kwamba Mungu yumo mle ndani, na kwamba alichagua kuzaliwa zizini kwa makusudi.

Maji yakaisha, imebaki robo tu karibu na mlango.

Masanja akachukua ndoo, akaenda mferejini.

Tukasikia mlio mmoja.

Nilimkuta amelala kifudifudi. Mkono ulikuwa bado umeshika ndoo.

"Umemuua wewe na Krismasi yako," mama mkwe aliniambia msibani, na hakuna aliyemkanya.

Nimeyapima maneno yale miaka yote hii. Mkuki usingezuia risasi, hilo nalijua. Ila bila mimi asingekuwa pale mferejini, na hilo nalijua pia. Nilimpenda, na ni mimi niliyemwita. Nalibeba. Lakini yeyote anayetaka niseme kwamba tulikosea kwenda, atasubiri sana.

Sasa naishi mjini, Ilomba, kwa mwanangu. Desemba nyumba haikaliki: mapazia mapya, kuku wa kuchinja, foleni ya saluni, simu zinaita kutwa. Mchana wa mkesha mimi nachukua ndoo na tambara, naelekea kanisani.

"Mama jamani, pale kuna mtu wa usafi, na sakafu yenyewe ya vigae!" mkwe wangu hulalamika kila mwaka. "Sasa pilau nani atapika?"

"Utapika wewe."

Napiga magoti pale mlangoni, kwa sababu robo ile ya sakafu yetu haikusiribwa. Nasugua mpaka magoti yanauma. Yule kijana wa usafi ana adabu, kila mara hunyoosha mkono kuchukua ndoo anisaidie.

Namkatalia. Maji nakwenda kuteka mwenyewe.