Filimbi Moja, Vijiji Vitatu

Asubuhi hiyo niliondoka Kibaha bila kujua ninakokwenda. Lori likanifikisha Kisarawe, na kutoka pale nikashika njia ya Maneromango kwa miguu, kwa sababu tu nilikuwa sijawahi kuiona. Ulikuwa mwaka wa vita vya Kagera. Mgeni asiye na mwenyeji alitazamwa mara mbili.

Karibu na kijiji kimoja, mwanamke aliyekuwa akipalilia mihogo, filimbi shingoni, aliniuliza naenda kwa nani.

"Sijui bado," nikajibu.

Akapuliza.

Walitokea mgambo wa vijiji vitatu, waliokuwa wameunganishwa karibuni kuwa kikosi kimoja cha kudumu, tayari kwa dharura yoyote. Wa kijiji cha kwanza walikuja na marungu, wakanikamata kola. Wa pili walikuja mbio na ndoo za maji. Wa tatu walijitupa kifudifudi kwenye mihogo, wakabaki huko huko.

"Moto uko wapi?" aliuliza mwenye ndoo.

"Moto gani? Hiyo ni filimbi ya mwizi!"

"Kwetu ni ya ndege za adui," ilisema sauti kutoka chini.

Nilijua naweza kulala mahabusu, lakini swali lilinitoka. "Samahani, ndugu. Moto ukiwaka kweli, wewe wa rungu unafanya nini?"

"Nyamaza! Dharura ndiyo wewe!"

Kamanda wao, mwanajeshi mstaafu, alifika mwisho, akihema.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Unamfuata nani huku?"

"Simfuati mtu. Natembea nione."

"Umeona nini?"

"Filimbi moja, maana tatu."

Mwenye ndoo alicheka hadi akajimwagia maji. Kamanda hakucheka. Alinizunguka, akanitazama miguu.

"Tuna kikosi, hatuna adui wa kufanyia mazoezi," alisema. "Nikimficha mwenyeji, mbwa wanamfuata wakitikisa mikia. Wewe hawakujui. Utakaa kwangu, kila asubuhi unajificha, hawa wanakutafuta, mpaka waelewane na filimbi. Ama nikupeleke kituoni?"

"Nijifiche wapi, afande?"

"Huyu anauliza mno," alisema wa rungu, akaniachia kola.

Kwa kamanda tulimkuta mkewe akitwanga kisamvu.

"Mama, mwekee adui maji ya kuoga."

Mkewe alinitazama kwa makini. "Adui mwenyewe anakula kisamvu?"

"Anakula," nikasema.

Akanionyesha chumba cha uani, chenye kitanda cha kamba.