Fundi wa Mapaa Aliyejaza Fomu kwa Aibu

Delmer Fugate aliezeka mapaa kwa miaka ishirini na tisa katika vilima vya mashariki ya jimbo la Kentucky, Marekani, na siku aliyoanguka hakuwa hata juu sana. Lilikuwa banda la jirani. Ngazi iliteleza kwenye tope, akatua kwa mgongo juu ya rundo la mbao. Upasuaji wa kwanza haukumsaidia. Wa pili ulimwachia mguu wa kushoto wenye ganzi, na maumivu yasiyomruhusu kukaa wala kusimama.

Mwaka mzima alisema atarudi kazini baridi ikiisha. Mkewe Oleta, mpishi wa shule, ndiye aliyeleta fomu za malipo ya ulemavu, akaziweka mezani kando ya maharagwe na mkate wa mahindi.

"Mimi si kiwete," Delmer akasema.

"Nani kakuita kiwete? Jaza tu, mume wangu. Umekatwa mshahara kwa ajili ya malipo hayo miaka yote. Ni haki yako."

Alijaza peke yake, mlango kaufunga. Kazi za nyumbani? Anafanya. Nyasi? Anakata. Kuwinda? Kila msimu. Aliandika habari za yule mtu aliyekuwa zamani, kwa sababu huyu wa sasa alimwonea haya.

Miezi mitano baadaye barua ikaja: amekataliwa, ana siku sitini za kukata rufaa. Aliificha kwenye droo, chini ya soksi, asimwambie mtu. Oleta aliikuta siku ya hamsini na tatu, akipanga nguo. Hakupiga kelele. Aliketi kitandani akaisoma mara mbili, kisha akampigia simu wakili mmoja mjini, Bi Pruitt.

"Nimesoma faili la daktari wako," wakili alimwambia Delmer walipokutana. "Umekwenda mara kumi na moja. Kila mara ameandika: mgonjwa anasema hajambo."

"Sasa mtu akikuuliza hali, utamwambiaje? Si ndiyo adabu?"

"Bwana Fugate, daktari hakuwa anakusalimia."

Oleta alicheka, na kicheko kikageuka kilio pale pale kitini.

Rufaa ikapelekwa zikiwa zimebaki siku mbili. Bi Pruitt alimwonya: asitie chumvi hata chembe, wala asipunguze. Asikose kliniki. Amweleze daktari siku zake mbaya kama zilivyo, na daktari aandike anaweza kukaa dakika ngapi, kusimama dakika ngapi, kuinua uzito gani. Delmer akaenda, akasema. Alirudi kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Kusubiri rufaa isikilizwe kulichukua miezi kumi na sita. Gari lake la kazi liliuzwa. Oleta akaongeza kazi ya mwisho wa wiki kwenye nyumba ya wazee, na magoti yake yakaanza kuvimba.

Chumba cha hakimu kilikuwa kidogo, hakina dirisha. Oleta aliambiwa asubiri nje.

"Hapa uliandika kwamba unawinda," hakimu akasema.

"Si kweli, mheshimiwa. Bunduki sijaishika tangu nianguke."

"Kwa nini uliandika hivyo?"

"Niliona haya."

"Nani anakuvalisha soksi?"

"Mke wangu."

"Na bafuni?"

Aliinamisha kichwa. "Yeye huyo huyo. Ananishika kwapani, ananinyanyua kama mtoto. Halafu anatoka, anasimama nyuma ya mlango analia. Anadhani simsikii."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu.

Uamuzi ulifika mwezi wa tatu, mvua ikinyesha: amekubaliwa. Oleta alirudi mbio kutoka kwenye sanduku la barua, akamkumbatia shingoni. Delmer aliomba karatasi, akaisoma kwa kidole mpaka mahali palipoandikwa kwamba hakuna kazi yoyote nchini anayoweza kuifanya. Pale kidole kikasimama.

"Umepata, Delmer! Huoni? Nitaacha ile kazi ya wazee."

"Naona," akasema. "Iache kesho."

Jioni alimpigia simu mdogo wake, Harlan, aje achukue nyundo, misumeno na mikanda ya kupandia mapaa. Harlan alipakia vyote garini. Delmer alitazama kutoka dirishani, ameshikilia ukingo kwa mikono miwili, na Oleta alipomwita mezani alisema hana njaa.