Fundi Ziba na Cherehani ya Dada Yake

Jina lake halisi watu walishalisahau. Wote walimwita Fundi Ziba. Ukuta ukipasuka, anaitwa. Anakuja na mwiko na karai, anakoroga saruji, anapaka, anasugua mpaka ufa wenyewe unasahau ulikuwa wapi.

Bwawa kubwa lilipoanza kujazwa kule juu milimani, ardhi ikaanza kutetemeka. Si sana: vikombe kugongana kabatini, mbwa kubweka bila mgeni. Wataalamu wa bwawa wakaitisha mkutano. Maji yale ni mazito, wakasema, yanaukandamiza mwamba, na mengine yanapenya chini mpaka mwamba unateleza. Kila nyumba ifungwe mkanda wa zege juu ya madirisha, uzishike kuta zote pamoja.

"Maji yatikise mlima?" Ziba akadakia. "Mbona mimi najaza pipa kila siku na nyumba haichezi?"

Watu wakacheka mpaka mkutano ukaharibika. Alikuwa na mdomo huyo!

Dada yake mkubwa, mshonaji, hakucheka. Ukuta wa sebule yake ulikuwa na ufa, na cherehani alishaihamishia jikoni kwa woga.

"Mdogo wangu, nifungie huo mkanda."

"Dada nawe! Tuezue paa kwa ajili ya ufa mwembamba kama uzi wako? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya, nimekuja kuziba."

Akaziba, akapiga na rangi. Dada akatazama, akaridhika. Fundi si ni damu yake? Akairudisha cherehani palepale, penye mwanga.

Mvua zikaja, maji ya bwawa yakafika ukingoni, ardhi ikatetemeka kweli, mchana kweupe. Ukuta ukalala juu ya cherehani, na mkono wa kulia wa dada ulikuwa bado kwenye kitambaa.

Leo nyumba ile ina mkanda mnene utadhani wa daraja. Kaujenga Ziba mwenyewe, bila kuambiwa. Ukuta haumuumizi kichwa. Kinachomkosesha usingizi ni ile rangi: laiti angeuacha ufa wazi, dada angebaki jikoni na woga wake, mzima.

Sasa dada hushona kwa kushoto, na mishono inapinda. Kila asubuhi Ziba hupita kumtungia uzi sindanoni. Vidole vimekomaa kwa saruji. Analamba uzi, anakosa, analamba tena.

"Na tundu hilo umeshaliziba?" dada humtania.

Ziba husogea dirishani, penye mwanga, akajaribu tena.