Nilinunua Raiskuka Nibaki na Mwanangu, Sasa Wanakuja Kumchukua

Habari zenu wote wa ukurasa huu. Admin, jina langu libaki kwako, maana nusu ya watu wa mtaa wetu wa Kashai wamo humu na wengine ni wateja wangu. Mimi ni mwanaume wa miaka 38, mzaliwa wa Kishanda, Muleba, nauza samaki hapa Bukoba mjini. Mke wangu alifariki mwaka jana kwa maradhi, akaniachia binti mmoja wa miaka tisa. Watakaocheka wacheke, ila wakimaliza wanishauri, maana nimefika mwisho wa akili zangu.

Baada ya msiba, mama mkwe wangu anayeishi Kanazi alitaka aondoke na mtoto. Alisema nyumba isiyo na mwanamke haina jiko, na mtoto hakui kwa maandazi ya dukani. Sikumlaumu, alikuwa amemzika binti yake. Wazee wakaniombea niachiwe mtoto kwanza, waone kama anakula na anasoma. Hapo ndipo shida ilipoanza. Mimi natoka asubuhi na mapema kuwahi samaki mwaloni, wavuvi wanaposhusha, narudi jioni, na mtoto anatoka shule mchana. Kumwachia mtoto wa umri ule jiko la mkaa siwezi. Halafu kupika kwenyewe nilikuwa sijui. Kwetu mwanaume akionekana anamenya ndizi, watu wanamtungia jina na jina linafika kijijini kabla yake.

Nikaenda dukani kutafuta raiskuka, lile jiko la umeme la kupikia wali. Muuzaji akanionyesha ya bei nafuu, yenye kitufe kimoja kinachoruka wali ukiiva. Nikamwambia mwanangu ni Mhaya, wali kwake ni wa sikukuu, chakula ni ndizi. Nikachukua ile yenye saa, ambayo unaitegesha asubuhi, inajiwasha yenyewe mchana wewe ukiwa kazini. Siku ya kwanza niliharibu kila kitu. Nilipanga ndizi na maharage kama mama alivyokuwa akifanya, juu nikafunika jani la mgomba, nikalishindilia vizuri mpaka likaziba tundu la mvuke. Jioni nikakuta maji yamefurika hadi sakafuni na mtoto amelala na njaa. Nililia, sisemi uongo.

Lakini nilijifunza. Jani nalikata dogo, tundu linabaki wazi. Ndizi zinakaa ndani ya maji zisiwe nyeusi. Batani ya wali siigusi, inakausha maji na kujizima ndizi zikiwa bado ngumu, nabonyeza ya supu. Na ile saa unayoiwekea ni ya chakula kuiva, siyo ya kuanza kupika, hilo nalo lilinitesa wiki nzima. Mtoto akaanza kunenepa. Kila asubuhi nilikuwa namenya ndizi mlango nimefunga na pazia nimeshusha, majirani wasione. Siku moja akaniuliza, "Baba, mbona tunajifungia?" Nikamjibu, "Watu wakijua baba anapika, watamcheka." Sikujua neno hilo ameliweka moyoni.

Wiki iliyopita mama mkwe alikuja bila taarifa, pamoja na kaka wa marehemu. Walimkuta mtoto ametoka shule anajipakulia ndizi za moto, jani bado liko juu. Mama mkwe akaonja, akamuuliza nani amepika. Mtoto akasema, "Ni mimi, bibi."

Niliporudi jioni niliwakuta wamekaa wananisubiri. Kwetu mkwe hajibizani na mama mkwe, na yeye hakunitazama. Aliongea akimwelekea mwanawe. "Mwambie mkwe wangu. Mtoto huyu hakuzaliwa kuja kuwa mpishi wa baba yake. Waitu, jamani, anamenya, anapika, masomo anasoma saa ngapi?"

Nikamvuta shemeji nje. "Shemeji, ninayepika ni mimi. Lile jiko nalitegesha, linajiwasha lenyewe."

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko tusi. "Shemeji, usitudanganye. Mwanaume gani anafunika ndizi kwa jani namna ile? Zile ni ndizi za mtu aliyefundishwa na mama yake."

Tukarudi ndani, akamuuliza mtoto tena mbele yangu. Mwanangu akanitazama kidogo, akasema, "Ni mimi, mjomba. Baba hajui kupika." Alidhani ananiokoa. Mimi nikabaki nimesimama, mama mkwe yuko pale, mdomo umeshikwa na adabu na aibu kwa pamoja. Wakaaga wakisema Jumamosi wanarudi na wazee kumchukua.

Nimembembeleza mtoto aseme ukweli, anakataa. Anasema bibi atamwona mwongo, na mimi nitachekwa. Nikiwaambia wazee mwenyewe, neno langu litapingana na la mtoto, na wao tayari wameamua nani wa kumwamini. Nikisema niwapikie mbele yao, nitakuwa nimemuumbua mtoto wa miaka tisa mbele ya ukoo wa mama yake, kwa uongo aliousema kwa kunipenda.

Jana nilipoamka nilikuta taa ya chumba cha mbele inawaka. Mwanangu amesimama juu ya ndoo iliyofunikwa, kisu mkononi, anamenya ndizi. Maganda yametoka na nusu ya ndizi, na kidole chake kinatoka damu. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Najifunza, baba. Ili Jumamosi wakija isiwe uongo."

Nimemfunga kidole kitambaa. Wakifika, hicho ndicho kitu cha kwanza watakachokiona. Ndugu zangu, wenye watoto na wenye wakwe, nisaidieni mawazo: niwaambie nini wale wazee, na huyu mtoto nimwambie nini?