Kibuyu cha Bi Zaina

Ipo siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka, mwanangu, siku niliyobeba kibuyu cha watu kutoka kijiji cha Busi, huko Kondoa, na kuahidi kukirudisha.

Nilikuwa kijana, mtafiti wa vinasaba, nimetoka masomoni na kichwa kikubwa kuliko shingo. Nilikuwa nachunguza ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga, ule unaoacha sumu isiyoonekana kwa macho wala kuonjeka mdomoni, inayokula ini taratibu. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiomba mahindi kidogo kidogo. Nilipofika kwa Bi Zaina mifuko yangu ya sampuli ilikuwa imekwisha, naye hakutaka niondoke mikono mitupu. Akachota mahindi kwenye kihenge, akanitilia kwenye kibuyu kidogo cha shingo ndefu. Mumewe, Mzee Hamisi, alikuwa anamenya karanga barazani, akinitania kwamba serikali imenisomesha miaka yote ile nije kuhesabu ukungu.

“Kibuyu cha watu hakirudi kitupu, unajua?” Bi Zaina aliniambia.

“Najua, mama. Nitakirudisha na majibu.”

Wala sikuwa mgeni wa desturi hiyo. Hata kwetu Ugogoni chombo cha jirani ukikirudisha unatia chochote ndani, hata chumvi.

Miezi miwili baadaye majibu yalitoka, na mahindi ya kibuyu kile ndiyo yalikuwa mabaya kuliko yote. Nilifurahi. Naona aibu kukwambia, lakini nilifurahi, kwa sababu ukungu ule ulikuwa na vinasaba ambavyo sikuona mtu aliyewahi kuviandika. Namba ya simu ya mtendaji wa kijiji ilikuwa kwenye daftari langu. Sikupiga. Niliogopa habari ikivuja maabara nyingine itaniwahi, nikajiambia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mwana mwenyewe niliyemwogopea alikuwa makala yangu ya utafiti. Hakuna bosi aliyenikataza kupiga simu. Usije ukadhani nasingizia mtu.

Makala ilichukua mwaka na zaidi. Wahakiki wa jarida walitaka hiki, nikarekebisha. Wakataka kile, nikarekebisha. Ilipotoka nilipongezwa, nikaitwa mikutanoni ng'ambo, na watafiti wa nchi nisizozijua wakaitaja kwenye maandishi yao. Mpaka leo wanaitaja. Uprofesa wangu, ukiufuatilia hadi mzizini, ulianzia kwenye kihenge cha Bi Zaina.

Ndipo nikapanda basi, kibuyu nimekijaza sukari, makala iko mkobani. Nilimkuta Bi Zaina peke yake barazani. Mzee Hamisi alikuwa na miezi minne kaburini. Tumbo lilivimba, macho yakawa ya njano, hospitali wakasema ni ini. Hakuna daktari aliyewahi kuniambia kwamba ni yale mahindi, na mimi mwenyewe siwezi kuthibitisha. Lakini nilijua kilichokuwemo kwenye kihenge kile, na wao hawakujua. Nikamweleza yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Ulijua lini?”

“Mwaka na nusu sasa, mama.”

“Kumbe wewe ulikuwa unaandika, sisi tunakula.”

Hakupaza sauti. Heri angenifukuza. Alikishika kibuyu, akakitikisa kidogo, akasikia sukari, akanirudishia mkononi. “Nilikuwa nangoja majibu, mwanangu. Sukari ninayo.”

Juzi uliponitembelea hapa kwangu Makole ulikisifu kibuyu kilichopo juu ya kabati, ukadhani ni pambo. Ndicho hicho. Sukari imegandamana ndani, sijawahi kuimwaga.

Umeniambia wiki ijayo unakwenda Kondoa kuchukua sampuli zako, ndiyo maana nimekuita. Wazee walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, ila mimi niliyengoja, tumbo lililoumia halikuwa langu. Ukipata majibu yanayogusa chakula cha mtu, mtu huyo ayasikie kabla ya jarida. Piga simu, panda basi, sema kwa maneno mepesi: msile haya, anikeni kwenye turubai, chambueni punje mbovu. Ni sentensi moja tu, na mimi niliikalia. Wakikuwahi kuandika, waache wakuwahi. Jina nililipata, silikatai, lakini nikisoma mahali limetajwa nasikia karanga zinamenywa.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie akili kali na mkono mwepesi wa kupiga simu. Akufikishe salama kwenye kila nyumba uliyoahidi kurudi, na mzee wa nyumba hiyo umkute yupo barazani, anakutania.