Pima Tatu za Kanda

Shule niliachia darasa la sita, na sioni haya kusema, maana wengi waliomaliza leo wananiomba lifti. Nilianza kwa kuuza makaa kando ya barabara pale Ngaremara, nikapakia mizigo ya watu, nikashika usukani wa lori la mtu. Leo lori ni langu, na nyumba ya mawe kule Burat ni yangu. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakuna mwenye lori mwingine Isiolo anaweza kukisema. Mimi najua simfoni. Najua na koncheto. Ukiniwekea nitakuambia tumefika wapi.

Nilivipata kwa padri mmoja mzee, Mzungu, siku niliyombebea vitu vyake alipohamishwa. Aliniachia katoni nzima ya kaseti.

"Wewe unasikia injini ina shida kabla haijazima," aliniambia. "Sikiliza hizi namna hiyo."

Njia nzima akawa ananieleza. Simfoni ni kundi zima linasema kwa pamoja. Koncheto ni mmoja mbele ya wengi: fidla moja, na okestra nyuma yake, wanabishana, wanapatana, wanabishana tena. Wimbo unatoka nyumbani, unabadilisha gia, unapotelea mbali, halafu unarudi umechoka, lakini ni ule ule. Kwenye safari za Sericho, mahali redio haishiki stesheni yoyote, hao watunzi waliokufa zamani ndio walikuwa watu wangu. Miaka mingi. Nilifika mahali naweza kupiga mluzi sehemu zote nne za simfoni moja tangu geti la mji hadi Garba Tula, bila kukosea.

Kwa hivyo binti yangu wa mwisho alipochagua somo la muziki sekondari, nilijua ametoa wapi. Alipofika kidato cha nne, mwalimu wao akahamishwa katikati ya mwaka. Wasichana wanne tu walikuwa wamebaki na hilo somo, na shule ikawaambia wajitafutie namna. Nilikwenda mwenyewe ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Huyu wangu nitamfundisha mimi," nilisema.

Akatazama viatu vyangu, viatu vya matairi, halafu akatazama uso wangu. "Sawa, mzee."

Kazi yenyewe ilikuwa hii: mtihani unawapa koncheto moja, na mwanafunzi lazima aichambue, aeleze kila sehemu inafanya nini na kwa nini. Binti alinionyesha jina la hiyo koncheto kwenye kitabu cha nota. Ilikuwa ndani ya katoni yangu. Siku hiyo niliona dunia yote imenipigia saluti.

Likizo ya Agosti tulikuwa tunakaa ndani ya lori, limeegeshwa uani, kwa sababu kaseti hazikuwa na mahali pengine pa kuchezea. Yeye na kitabu cha nota magotini, mimi na kidole kwenye kitufe. Alitaka kutafuta hiyo koncheto kwenye simu ya mama yake, nikamkataza. Nilimwambia okestra ndani ya simu ni kama nyuki ndani ya kopo.

"Na hapa, baba?"

"Hapa fidla imerudi nyumbani."

"Umejuaje?"

"Si ni ule wimbo wa kwanza? Angalia kitabu."

Akaangalia. "Kweli, baba."

Nimeambiwa mengi mazuri na watu wakubwa, lakini hayo maneno mawili nilitembea nayo mjini kama saa mpya.

Mama yake alipita na karai la nguo. "Profesa," akasema, "yule ambaye akiimba kanisani watu wanafungua kitabu cha nyimbo kuhakikisha."

Binti alicheka mpaka nota zikaanguka.

Sasa kuna mahali, karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza. Okestra inapanda, inapanda, halafu inasimama ghafla. Fidla inatoa sauti moja ndefu inayotetemeka, na okestra inarudi kwa nguvu inamalizia. Binti alipafuata kwenye kitabu. Palikuwa na alama kama jicho chini ya unyusi mmoja, kisha hiyo sauti ya kutetemeka, kisha okestra. Kitabu na kaseti vilisema kitu kimoja.

"Hapo," nilimwambia, "mtunzi anatuonyesha mtu aliyetaka kusema peke yake, na wengine wakamnyima nafasi. Andika."

Aliandika ukurasa mzima. Ulikuwa ukurasa wake mzuri kuliko yote, na alinisomea mara mbili.

Na mimi nilikuwa najua. Miaka mingi nyuma, kwenye joto la njia ya Sericho, redio ilitafuna ile kanda mahali pale pale. Niliikata kwa wembe na kuiunga kwa selotepu, na kile kipande kilichokunjika nikakitupa dirishani. Kilikuwa kama pima tatu za mikono yangu. Kilinasa kwenye mti wa miiba, na safari kadhaa baadaye bado nilikiona kiking'aa. Kilikuwa na fidla peke yake, inaenda na kurudi, bila mtu nyuma. Nilikuwa nimekisikia mara chache tu, na sikuwa nimekielewa, kwa hivyo sikukililia. Baadaye niliizoea kaseti ilivyo. Nilipomwona binti anaandika, nilijiambia kitabu nacho kinakubali. Kama kitabu kinakubali, nani atanibishia?

Shule zilipofunguliwa, mwalimu wa muziki kutoka Meru aliombwa aje Jumamosi moja awasikilize wale wasichana wanne. Wazazi waliruhusiwa. Nilivaa koti. Nilikaa mstari wa mbele na kumwambia mzazi wa pembeni yangu, kabla hajaniuliza, kwamba wangu amefundishwa nyumbani.

Binti alisimama wa tatu. Alianza vizuri sana. Alisema wimbo unatoka nyumbani na kubadilisha gia, mwalimu akatabasamu, akaandika. Halafu akafika pale kwenye jicho.

"Hapo mpigaji anafanya nini?" mwalimu aliuliza.

"Ananyamaza. Anataka kusema peke yake, wanamnyima nafasi."

Msichana mmoja nyuma alicheka. Mwalimu hakucheka. Alitoa simu yake, akaitafuta ile koncheto, akaisogeza mbele, akaiinua juu ili wote wasikie. Okestra ilipanda, ikasimama. Halafu fidla ikaanza peke yake. Ikaendelea. Ikaendelea sana.

"Hii alama inamwachia mpigaji nafasi," mwalimu alisema polepole. "Mtunzi haandiki kitu hapo. Mpigaji anajitengenezea mwenyewe. Ni kinyume kabisa cha ulichosema. Nani alikufundisha hivyo?"

Binti hakunitazama. "Nilijisomea," alisema.

Ilinipasa kusimama wakati huo na kusema ni mimi. Mdomo niliufungua kweli, na kilichotoka ni hiki: "Hata mimi nilimwambia asikilize vizuri pale. Watoto wa siku hizi hawasikilizi."

Mwalimu aliinamisha kichwa kwa heshima. Binti alikaa chini na kufunga daftari.

Alikuwa na ruhusa ya kulala nyumbani. Tulirudi Burat na lori, redio imezimwa. Karibu na kambi ya jeshi ndipo aliposema.

"Baba, hiyo kaseti ilikuwa nzima?"

Niliangalia barabara. Ningeweza kusema ni nzima. Nimewaambia watu mambo makubwa kuliko hayo na wakaamini.

"Niliikata," nikasema. "Zamani. Ilikuwa imetafunwa."

Tulifika geti letu. Halafu akauliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei: "Kuna mahali pengine ulipokata?"

Mtihani ulikuwa wiki tatu mbele. Tuliketi uani, kwenye stuli mbili, na simu ya mama yake katikati yetu. Alikuwa anaicheza kidogo, anaisimamisha, ananisomea kutoka kwenye daftari lake nilichomwambia. Mimi kazi yangu ilikuwa kujibu tu.

"Hili la kwamba hapa mtunzi alikuwa anatazama milima?"

"Hilo nilitunga."

"Na la kwamba sehemu ya pili mtunzi alikuwa anaomboleza mama yake?"

"Sijui alimwomboleza nani. Nilikuwa namwomboleza wangu, kwenye njia ya Sericho."

Alisita hapo. Halafu akaweka rula na kukata mstari, taratibu, kama anavyokata makosa ya mtu yeyote.

"Na kwamba fidla imerudi nyumbani?"

"Hilo ni kweli," nilisema. "Hilo angalia kitabu."

Akaangalia. Aliangalia muda mrefu, akacheza simu, akaangalia tena. Hakusema, "Kweli, baba." Aliliacha lilivyo, bila kulikata, akafungua ukurasa unaofuata.